Kabati la Chumba Namba Tisa

Pesa zimetoka baada ya miaka sita ya barua,
na masharti yake: majaribio manne,
risiti zifike kwa mhasibu kabla ya kanivali.
Meza sita. Soketi nne, moja huchoma vidole.
Wanafunzi kumi na wanane, saa tatu kila Alhamisi,
na nje ya dirisha Oruro, kahawia, baridi kavu,
mita elfu tatu na mia saba juu ya bahari
ambayo nchi yetu haina.

Katalogi imefunguka magotini,
kila ukurasa unameta kama meno ya mgombea.
Hili hapa sanduku la athari ya fotoelektriki:
bonyeza huku, soma kule,
jibu linatoka limeshapigwa pasi.
Bei yake, nusu ya kabati.
Severo Yampara, fundi wetu, bisibisi nyuma ya sikio,
anaikodolea picha: "Hili halifundishi. Hili linatangaza."
Nalifuta.

Yeye anataka bomba la zebaki,
aone mkondo ukipanda, ukiporomoka, ukipanda tena,
kwa sababu atomi ni mwenye duka mkaidi:
hapokei pungufu, hakopeshi,
leta bei kamili au pita na senti zako.
Nasema tanuri. Nasema kioo kikivunjika. Nasema mkuu wa kitivo.
Ananuna mpaka chai ya koka inapoa,
kisha tunakubaliana juu ya neoni,
isiyodai tanuri, na inayojionyesha yenyewe:
tabaka za rangi ya chungwa gizani, moja, mbili, tatu,
ngazi ambayo hakuna aliyeijenga.
La kwanza.

La pili hatununui, linatunyeshea.
Muoni zinashuka usiku na mchana, zinapenya bati, kofia, fuvu,
zenye uhai mfupi kuliko neno "uhai",
na kwa hesabu ya zamani zilipaswa kufia njiani;
saa zao zinachelewa, ndiyo maana zinafika.
Tuna vipande vya plastiki inayomeremeta zikiigusa.
Tuna mkanda mweusi. Severo anasema
tukishushe kihesabio kwenye mgodi alikofukuzwa baba yake,
tusikie mvua hiyo ikikonda chini ya mwamba.
Hasemi zaidi. Naandika: betri, kamba, helmeti kumi na nane.

La tatu nimelifuta mara mbili: matone ya mafuta.
"Mbona?" Namwambia yanachosha macho.
Simwambii kwamba muhula wa tatu, nikiwa na miaka ishirini,
tone langu lilinipotea ndani ya chozi langu mwenyewe,
nikaanza kwenye jibu la kitabu, nikarudi kinyumenyume,
nikagawanya, nikachafua kidogo ili ionekane kazi,
nikapata tisini na sita kwa mia.
Tone lile bado linaelea.
Nalirudisha. Pembeni naandika kwa penseli:
atakayeniletea moja nukta sita sifuri mbili,
safi, bila jasho, aje ofisini tuzungumze.

La nne, mstari mtupu.

Alhamisi ya kwanza Yhoselin Arispe,
mikono ndani ya sweta, aliuliza
kwa nini tupime kinachojulikana.
Nilikuwa na jibu. Nimelibeba miaka mingi,
na nilipolifungua lilikuwa limekauka.
Nikampa mkanda mweusi, aifunge plastiki,
asiache tundu la mwanga hata la sindano.

Jioni kihesabio kikaanza: tik. Kimya. Tik, tik.
Wenzake walishaondoka. Saa nzima
akahesabu, akarudia, akafungua kitabu:
yetu zaidi ya maradufu.
"Tumekosea wapi?"
Severo akanitazama. Nikauma ulimi,
nikajifanya natafuta kalamu.
Akakagua waya. Akakagua mkanda.
Akarudi kwenye jedwali, kwenye herufi ndogo za chini
ambazo hakuna anayezisoma:
vipimo vya usawa wa bahari.
Hakusema kitu. Akaenda dirishani,
akafuta ukungu kwa kiwiko,
akatazama juu.

Mhasibu amepiga tena. Anataka mstari wa nne.